UZI: Masasisho ya Visual Studio Code, na nani aamue lini yaingie kwenye kompyuta yako

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Naufungua uzi huu kwa wale wanaoandika msimbo kila siku, hasa wanaotumia Visual Studio Code, programu ya Microsoft ya kuhariri msimbo, ambayo kwa ufupi nitaiita VS Code. Sikusudii kumshawishi mtu yeyote aiache, kwa kuwa ndiyo ninayoitumia kazini na naipenda. Hoja yangu ni kwamba programu hii imepata imani ya wasanidi kupitia masasisho yake, na inaweza kuipoteza kupitia masasisho hayohayo. Kwa hiyo uamuzi wa lini sasisho liingie unapaswa kubaki mikononi mwa mwenye kompyuta.

Wengi walioanza kazi hii miaka ya karibuni wameikuta VS Code imeshatawala, hivyo ni vyema tukumbushane ilikotoka. Microsoft iliitangaza tarehe 29 Aprili 2015. Wakati huo kampuni hiyo ilifahamika kwa Visual Studio, programu nzito ya Windows, na watumiaji wa Linux na Mac hawakuwa wakitarajia kitu kutoka kwake. Novemba ya mwaka huohuo msimbo wake ukawekwa hadharani kwa leseni huria ya MIT, inayomruhusu yeyote kuutumia na kuubadilisha, na toleo la 1.0 likatoka Aprili 2016. Aliyeiongoza timu, akiwa Zurich nchini Uswisi, ni Erich Gamma, ambaye kabla ya hapo alishiriki kuijenga Eclipse na JUnit, zana zinazotumiwa na wasanidi wa Java. Hawa hawakuwa watu wa kubahatisha.

Husemwa kwamba VS Code ilishinda kwa sababu ya ukubwa wa jina la kampuni. Mimi sikubaliani na hilo. Atom, kihariri cha GitHub, ilitangulia, na teknolojia ya Electron ambayo VS Code imejengwa juu yake ilizaliwa humo humo ndani ya Atom. Hata hivyo Atom ilizidi kupoteza watumiaji, na tarehe 15 Desemba 2022 ikafungwa rasmi na GitHub, ambayo kufikia hapo ilikuwa mali ya Microsoft. Tofauti ilikuwa katika maamuzi ya kiufundi. VS Code ilivitenga viendelezi, yaani programu ndogo za kuiongezea uwezo, katika mchakato wao peke yake, kiasi kwamba kiendelezi kikizembea, herufi unazoandika bado zinatokea kwenye kioo. Mwaka 2016, kwa kushirikiana na Red Hat na Codenvy, ikatangaza itifaki ya LSP, ambayo huwezesha seva moja ya lugha, yaani programu inayoichambua lugha fulani, tuseme Python au Go, kukihudumia kihariri chochote kinachoielewa. Leo hata anayetumia vihariri vingine kama Vim au Emacs ananufaika na kazi hiyo.

Nitatoa mfano mmoja wa sasisho lililofanywa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu ndio kipimo ninachokitumia kuyapima mengine. Kwa miaka mingi, waliotaka mabano yao yapakwe rangi kulingana na jozi zake walitegemea kiendelezi. Kiendelezi kilifanya kazi vizuri katika faili ndogo, lakini katika faili kubwa, kama ile ya kikagua aina cha TypeScript yenye mistari zaidi ya 42,000, ukiongeza bano moja juu kabisa ilibidi mabano yote yaliyo chini yake yahesabiwe upya. Timu haikuridhika na kukinakili kiendelezi hicho na kukiingiza ndani. Iliunda muundo wa data wa aina ya mti ulio katika mizania, ambao unapobadilisha mstari mmoja unagusa sehemu ndogo tu ya mti na kuyaacha matawi mengine yalivyo. Sifa hiyo ilitolewa katika toleo la 1.60 la Agosti 2021, na maelezo yao yalionyesha kasi iliyofikia mara 10,000 ya ile ya awali. Hakuna aliyelazimika kujifunza chochote kipya. Kitu kilichokuwa kizito kikawa chepesi.

Sasa tazameni upande wa pili. Mwanzoni mwa Februari 2024 lilitoka toleo la 1.86, ambalo lilihitaji, kwa mifumo ya Linux, glibc ya toleo la 2.28 au zaidi, yaani maktaba ya msingi ambayo programu nyingi za mfumo huo huitegemea. Anayeisoma habari hiyo juujuu atadhani inawahusu tu wenye kompyuta kongwe, lakini haikuwa hivyo. Unapotumia kiendelezi cha Remote-SSH, kinachokuwezesha kuhariri faili zilizo kwenye seva ya mbali, VS Code ya kwenye kompyuta mpakato yako huweka kwenye seva ya mbali programu mwenza ya toleo lilelile. Kompyuta mpakato ikijisasisha usiku, asubuhi hutafuta kuweka mwenza mpya kwenye seva. Seva ikiwa na Linux ya zamani kama CentOS 7, yenye glibc 2.17, au Ubuntu 18.04, yenye glibc 2.27, muunganisho unakataa. Mtu ambaye hakubadilisha chochote kwenye seva, na pengine hana hata ruhusa ya kuibadilisha, alijikuta nje ya kazi yake. Malalamiko yalikuwa mengi, na kwa haki timu ilisikiliza: ndani ya siku chache ilitoa marekebisho yaliyoruhusu muunganisho kwa onyo, ikatoa muda wa mwaka mmoja, na ni kuanzia toleo la 1.99 la mwaka 2025 ndipo msaada huo ulipoondolewa. Uamuzi wenyewe wa kuziacha maktaba za zamani naukubali. Ninachokipinga ni mpangilio wa chaguomsingi unaolifanya badiliko la namna hiyo liingie lenyewe mahali ambapo mtu anategemea kazi iendelee.

Jambo la tatu ni mwelekeo wa masasisho yenyewe. Anayesoma maelezo ya matoleo ya mwaka 2025 ataona kwamba sehemu kubwa inahusu Copilot (msaidizi wa kuandika msimbo), soga na mawakala wa akili mnemba. Sidai kwamba kazi hiyo haina maana. Nauliza kama wale wasioitumia, au wasioweza kuilipia, bado wanahesabiwa kuwa watumiaji kamili wa kihariri hiki. Karibuni tujadili.

#2

Mkuu, nakushukuru kwa uzi uliopangwa vizuri, ila hoja yako kuu ina hatari ambayo hukuigusa. Kihariri cha msimbo si kama programu ya kusikiliza muziki. Ndani yake kuna terminali (dirisha la kuandikia amri), kuna funguo za seva, kuna nywila za hifadhidata ambazo watu wameziacha kwenye faili za mipangilio. Folda ya mradi uliyoipakua kutoka kwa mtu usiyemjua inaweza kuwa na faili ya kazi iliyoandikwa ili iendeshe amri pindi tu folda inapofunguliwa. Ndiyo sababu toleo la 1.57 la Mei 2021 lilileta Workspace Trust, ile inayokuuliza kama unawaamini walioandika faili za folda husika, na kukuwekea mipaka kama huwaamini. Watu wengi walikereka na swali lile. Hata hivyo, linafanya kazi muhimu kuliko rangi zote za mabano.

Karibu kila mwezi pia huwa kuna mianya ya kiusalama inayozibwa. Ukimwambia kila mwenye kompyuta aamue mwenyewe, wachache wenye nidhamu watasasisha kwa wakati, na walio wengi watakaa mwaka mzima na toleo lenye tundu linalojulikana. Kwa maoni yangu sasisho la kujiendesha ndilo linalowalinda walio wengi, na mwenye mahitaji maalumu ndiye anayepaswa kujisumbua kulizima.

#3

Wakuu, mimi nafundisha vijana kuandika programu, na nitazungumza kutoka kwenye maabara, kwa sababu mjadala wa masasisho mara nyingi huendeshwa na watu wenye intaneti isiyo na kikomo.

Nyaraka za VS Code zinasema upakuaji wake hauzidi megabaiti 200, na kwamba kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 1 na kichakataji cha GHz 1.6 inatosha. Kwa kufungua faili ya maandishi, inatosha. Lakini mwanafunzi akifungua mradi wa JavaScript, seva ya lugha ikaanza kusoma folda ya node_modules yenye maktaba za mradi, na kivinjari kikawa wazi pembeni ili aone ukurasa wake, kompyuta ya gigabaiti 4 inaanza kuhema. Hapo mwanafunzi hudhani ni yeye aliyekosea, nami huumia kuona hivyo.

Halafu kuna bando. Tuseme maabara ina kompyuta 30, na kila moja inapakua kifurushi cha megabaiti 100 kivyake kila mwezi. Hizo ni gigabaiti 3 kwa kihariri peke yake, kabla ya viendelezi na kabla ya Windows yenyewe kudai chake. Aidha, kompyuta nyingi za msaada ni za zamani: toleo la mwisho la Windows 7 lilikuwa 1.70, la Windows 8 na 8.1 likawa 1.79, na la Windows ya biti 32 likawa 1.83. Naelewa kwamba Electron na Chromium (kivinjari kilicho ndani yake) nazo ziliacha mifumo hiyo, na timu isingeweza kuibeba peke yake. Naomba tu wenye uzoefu mnisaidie: kuna njia ya kupakua mara moja na kugawa kwa mashine zote?

#4 – Mwanzisha uzi

Mwalimu, njia ipo, tena ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Kwa Windows, pakua faili ya ZIP badala ya ile ya kusakinisha. Ifungue, kisha ndani ya folda iliyopatikana unda folda tupu iitwe `data`. Kuanzia hapo VS Code itaweka mipangilio na viendelezi vyote ndani ya folda hiyo, haitaandika kwenye wasifu wa mtumiaji, na haitajisasisha yenyewe. Andaa nakala moja jinsi unavyotaka, pamoja na viendelezi vya somo lako, kisha inakili kwa diski mweko au kwa mtandao wa ndani hadi kwenye mashine nyingine zote. Muhula ukiisha, pakua ZIP mpya mara moja na uihamishie ile folda ya `data`.

Viendelezi navyo hupatikana kwa mtindo huo. Katika orodha ya viendelezi unaweza kubofya kwa kitufe cha kulia na kupakua faili ya VSIX, halafu kwenye mashine isiyo na intaneti ukaandika `code --install-extension` ikifuatiwa na jina la faili. Kwa kumbukumbu inayojaa, fungua orodha ya amri na uchague Open Process Explorer. Itakuonyesha ni mchakato upi unaokula RAM, nawe utaacha kubahatisha. Zile za biti 32 usizilazimishe. Notepad++ bado hutolewa kwa biti 32, na mwanafunzi anayejifunza HTML au Python ya mwanzo hatapungukiwa na kitu cha msingi.

Mkuu wa #2, hoja yako ya usalama ni nzito na naikubali kwa sehemu kubwa. Hata hivyo sasisho la kiusalama na sasisho la sifa mpya ni vitu viwili, na VS Code huvifunga katika kifurushi kimoja. Firefox ina tawi la ESR ambalo hupokea marekebisho ya usalama bila kubadilishiwa mazingira kila mwezi. Ubuntu ina matoleo ya LTS, yanayohudumiwa kwa muda mrefu. Kihariri kinachotumika kwenye benki, hospitali na vyuo kingestahili tawi la namna hiyo. Lingekuwepo, mimi na wewe tusingekuwa na la kubishania. Kwa kuwa halipo, mtu anapewa mambo mawili tu: apokee kila kitu au asipokee chochote.

#5

Nashangaa tumefika hapa bila mtu kutaja leseni, ilhali ndiyo mzizi wa mambo yote mnayoyajadili. Msimbo wa chanzo uko chini ya MIT, ni kweli. Lakini ile faili unayoipakua kwenye tovuti ya Microsoft haiko chini ya MIT. Ina leseni ya kampuni, ina nembo yake, na telemetria, yaani utumaji wa taarifa za matumizi kwa kampuni, imewashwa mpaka uende ukaweke `telemetry.telemetryLevel` kuwa `off`. Wanaotaka msimbo uleule bila nyongeza hizo wana VSCodium, ambayo hujengwa na jamii ya wasanidi kutoka chanzo kilekile.

Tatizo linajitokeza kwenye viendelezi. Soko rasmi la viendelezi, kwa masharti yake, ni kwa bidhaa za Microsoft tu, kwa hiyo VSCodium na wenzake hutumia Open VSX inayosimamiwa na Eclipse Foundation. Na baadhi ya viendelezi ambavyo watu huvihesabu kuwa ndiyo VS Code yenyewe, kama Pylance kwa Python, kile cha C/C++, na vile vya kufanya kazi kwenye seva ya mbali, vina leseni zilizofungwa. Aprili 2025 waliokuwa wakiandika C++ ndani ya Cursor, ambayo imejengwa kutokana na msimbo wa VS Code, waligundua kwamba kiendelezi cha C/C++ kimeacha kufanya kazi. Masharti yalikuwa yameandikwa tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba yalianza kutekelezwa, na yaliwafikia watu kwa njia ya sasisho. Wengi walihamia clangd, seva ya lugha ya C++ ambayo ni huria, na kwa kazi yangu naiona bora zaidi kwa kuelewa msimbo, ingawa kwa kutafuta hitilafu unahitaji kiendelezi kingine pembeni.

Kwa hiyo, mwanzisha uzi, kuamua lini sasisho liingie ni nusu tu ya jambo. Ukitaka uamuzi kamili, chagua vipande ambavyo hakuna mtu anayeweza kukuondolea.

#6

Naunga mkono #5 kuhusu leseni, lakini tusiifanye Open VSX kuwa kimbilio lisilo na dosari. Oktoba 2025 watafiti waliripoti kirusi kilichoitwa GlassWorm, kilichoenea hasa kupitia viendelezi vya Open VSX. Kilijificha kwa herufi za Unicode zisizoonekana, kwa hiyo mtu aliyefungua faili na kuisoma kwa macho aliona nafasi tupu. Kikishaingia kiliiba siri za kuingilia za wasanidi na kuzitumia kuambukiza viendelezi vingine. Aliyekuwa ameruhusu viendelezi vijisasishe vyenyewe alikipokea bila kubofya popote.

Hapa ndipo ninapotofautiana na #2. Kiendelezi cha VS Code huendeshwa kwa ruhusa zote za mtumiaji. Kinaweza kusoma faili zako, kuanzisha michakato na kuwasiliana na mtandao. Hakuna kizuizi kama kile cha programu za simu zinazokuomba ruhusa ya kamera au ya mahali ulipo. Mimi huacha kihariri kijisasishe, kwa sababu nyuma yake kuna timu inayojulikana na msimbo unaokaguliwa na watu wengi, lakini `extensions.autoUpdate` nimeizima, na viendelezi vyangu nimevipunguza mpaka vile ambavyo kweli navitumia. Katika ofisi yenye kompyuta nyingi, tangu toleo la 1.96 msimamizi anaweza kuweka orodha ya viendelezi vinavyoruhusiwa, na hilo ni sasisho ambalo halikupigiwa kelele za kutosha.

#7

Nami nina neno kuhusu akili mnemba. Mwanzisha uzi ameuliza kama wasioitumia bado wanahesabiwa. Tuwe waadilifu: Desemba 2024 ilitolewa Copilot ya bure yenye ukomo wa mapendekezo 2,000 na soga 50 kwa mwezi, Mei 2025 wakatangaza kuufungua msimbo wa kiendelezi cha Copilot Chat, na mwishoni mwa Juni ukatoka kwa leseni ya MIT. Baadaye mwaka huohuo ukaongezwa mpangilio wa `chat.disableAIFeatures`, ambao unaondoa vitufe na menyu zote za aina hiyo kwa pamoja. Kwa anayejifunza kuandika programu kwa mara ya kwanza ningependekeza uwashwe, ili akili yake mwenyewe ipate zoezi kabla ya kusaidiwa.

Lakini naomba msaada wa haraka. Tangu sasisho la mwisho, nikihifadhi faili, kihariri kinasimama kwa sekunde kadhaa. Nataka kurudi toleo la nyuma. Nifanyeje?

#8 – Mwanzisha uzi

Mkuu wa #7, umenipa jibu la haki kuhusu Copilot na nalipokea, ingawa naona mpangilio huo ulipaswa kuwepo tangu siku ya kwanza.

Kabla hujarudi nyuma, hakikisha kwamba kosa ni la kihariri. Kusimama wakati wa kuhifadhi mara nyingi husababishwa na kiendelezi cha kupanga au kukagua msimbo. Funga madirisha yote, fungua terminali na uandike `code --disable-extensions`, kisha ujaribu kuhifadhi faili ileile. Ikihifadhiwa bila kusita, mhusika ni kiendelezi. Fungua VS Code kama kawaida, nenda kwenye orodha ya amri na uchague Start Extension Bisect. Kihariri kitazima nusu ya viendelezi na kukuuliza kama tatizo lipo. Utajibu, kitagawa tena nusu iliyobaki, na hata kama una viendelezi 32, maswali matano au sita yatakufikisha kwa mhusika. Ukishampata, bofya alama ya gia iliyo pembeni mwake na uchague kusakinisha toleo mahususi, ili urudishe lile lililokuwa likifanya kazi. Kihariri chenyewe usikiguse.

Tatizo likibaki hata viendelezi vikiwa vimezimwa, hapo ni kihariri. Kila ukurasa wa maelezo ya toleo kwenye tovuti ya VS Code una viungo vya kupakua toleo hilohilo kwa Windows, Mac na Linux. Chagua la mwezi uliopita ulisakinishe juu ya lililopo, mipangilio yako haitafutika. Weka kwanza `update.mode` kuwa `none`, la sivyo programu itajirudisha kwenye toleo jipya baada ya muda mfupi. Kisha nenda GitHub kwenye hazina ya microsoft/vscode, utafute kama kuna aliyeripoti hali hiyo, na kama hakuna uiripoti wewe, ukitaja toleo, mfumo endeshi na hatua ulizofuata. Marekebisho yakitoka, rudisha `update.mode` kuwa `manual`, ili uwe unasoma maelezo ya toleo kabla ya kulipakua.